Kisantali: heshima inayofuata ndoa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa tasnifu kuhusu lugha ya adabu. Nimesoma kwamba Wasantali wa India humwambia kila mtu "am", yaani "wewe", awe mtoto au mzee. Je, lugha yao haina maumbo ya heshima?

JIBU: Marahaba. Inayo, ila umeyatafuta kwenye umri. Wabengali, majirani zao, wana "wewe" tatu, tui, tumi na apni, na msemaji huchagua kwa kupima umri, cheo na ukaribu. Msantali humwambia hata baba yake mzazi "am". Kinachombadilishia kiwakilishi ni ukwe.

Kisantali kina umoja, uwili na wingi. Uwili ni umbo la watu wawili tu. Waliosoma nahau ya Kiarabu wanalijua kama muthanna. Chukua swali la njiani, "Unakwenda wapi?", nikiliandika kwa tahajia yetu. Rafiki huulizwa "Okatem chalak kana?" Mkwe huulizwa "Okateben chalak kana?" Hiyo -ben ni ya watu wawili, ingawa aliyesimama mbele yako ni mmoja. Tena huenda na kurudi: kijana humsemesha baba mkwe kwa uwili, na mzee naye humsemesha mkwewe, wa kiume au wa kike, kwa uwili uleule. Shikamoo uliyonipa ina mkubwa na mdogo. Kwenye -ben wote wawili wanastahiana sawa. Ndiyo maana naona si haki kuiita lugha hii kavu.

Wazazi wa mume na wazazi wa mke, ambao kwa Kisantali huitwana bala, huzidisha: husemeshana kwa wingi, "Okatepe chalak kana?"

Usiishie kwenye viwakilishi. Mke na kaka mkubwa wa mumewe huepukana kabisa: hawagusani wala hawaketi kitanda kimoja. Mke huyohuyo na mdogo wa mumewe ni watani, na maneno yao huwa huru.

Kwa hiyo rekebisha dodoso lako. Swali "Ungemwambiaje mzee?" litakuletea "am" kutoka jimbo la Jharkhand hadi jimbo la Odisha, nawe utaandika kwamba heshima haipo. Taja msemaji ni nani, anasema na nani, na ni ndoa ipi iliyowaunganisha. Ukipata ruhusa ya kurekodi, rekodi nyumbani siku wakwe wanapotembeleana, si sokoni.