Mauaji ya kimbari au mauaji ya halaiki?

Swali: Hujambo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Nakuru. Katika insha kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wengine wameandika "mauaji ya kimbari", wengine "mauaji ya halaiki". Je, ni visawe? Nimkosoe nani?

Jibu: Sijambo, mwalimu mwenzangu. Si visawe, ingawa redio zetu huchanganya maneno haya kila siku.

Halaiki ni umati. Watanzania huita halaiki lile onyesho la mamia ya watoto uwanjani siku za sherehe za taifa. Kwa hiyo mauaji ya halaiki yanatuambia tu kwamba waliouawa ni wengi. Kimbari latokana na mbari, yaani ukoo, na darasani kwako hapo hakosi anayelijua kwa Kikuyu pia. Neno hili limebeba nia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unataka ithibitike kwamba muuaji alikusudia kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini fulani, lote au sehemu yake. Ndiyo maana majaji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokaa Arusha, walipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba nchini Rwanda, tarehe 2 Septemba 1998, hawakutosheka na idadi ya maiti. Walipima maneno yake na matendo yake.

Kwetu, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mashtaka yaliyofikishwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague, yakiwemo ya Nakuru na Naivasha, yalikuwa ya uhalifu dhidi ya ubinadamu: mashambulizi yaliyoenea au yaliyopangwa dhidi ya raia. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari, na kesi ya mwisho ilikatizwa Aprili 2016 bila yeyote kupatikana na hatia.

Hata hivyo, usikimbilie kalamu nyekundu. Pengine mwanafunzi aliyeandika "mauaji ya kimbari" kwao walichomewa nyumba kwa sababu ya kabila lao, na neno zito ndilo pekee aliloona linatosha uchungu huo. Mwulize kwanza: nia hiyo umeithibitisha wapi? Akiwa na hoja, aieleze katika aya yake. Akikosa, aandike "mauaji ya halaiki". Neno hili litawaingiza pia wa Kisumu, ambako wengi waliokufa walipigwa risasi na polisi.