Mnada wa shamba Kenya: usiitegemee ile miaka 12

Dada, umeuliza kama mna muda hadi mwaka ujao wa kwenda mahakamani, ingawa shamba mlilowekea benki rehani litapigwa mnada wiki ijayo, na umesikia kesi za ardhi huwa na miaka 12. Tafadhali, msisubiri hata kesho.

Miaka 12 ni kweli: ndiyo kikomo cha kudai kurudishiwa ardhi. Lakini haki yenu ya kulipa deni na kulikomboa shamba hufa nyundo ya dalali inapogonga. Baada ya hapo, aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria, nanyi kwa kawaida mnabaki kuidai benki fidia. Fidia si shamba.

Kwa hiyo leo hii tafuteni zile notisi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inadai benki iwape miezi 3 ya kulipa, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye anatoa notisi yake ya siku 45. Mojawapo ikikosekana, au mama, mke wa aliyeweka rehani, hakuwahi kuridhia rehani ya nyumba anayoishi, wakili ana hoja ya kuomba zuio mahakamani. Angalieni pia bei: ikipungua kwa asilimia 25 au zaidi chini ya thamani ya soko, benki ndiyo itakayojieleza.

Kama sahihi ilighushiwa, muda wa kushtaki huhesabiwa tangu mlipogundua, au mlipopaswa kugundua. Andikeni tarehe hiyo.