Unataka kuweka LibreNMS kwenye mtandao wako? Anza na hili swali kwanza

Wakuu, kama unahudumia mtandao wa ofisi, chuo, gesti, au unawagawia watu intaneti hapa Kigoma kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, simu unazopigiwa ni zile zile, "fundi, net haipo huku", na kabla hujajibu inabidi ujue tatizo liko kwenye swichi yako, kwenye antena, au liko huko juu kwa mtoa huduma. Mfumo wa kuangalia mtandao kwa brauza kazi yake ya kwanza ni kujibu hilo swali. Dashibodi zenye marangirangi zinakuja baadaye kabisa.

Mi kwa kazi hiyo natumia LibreNMS. Ni ya bure, ilitoka kwenye Observium (mfumo mwingine wa aina hiyo) mwaka 2013, inaelewa MikroTik, Ubiquiti, Cisco na vingine kibao, ukishaipa IP na SNMP (lugha ambayo kifaa hutumia kutoa taarifa zake) inachimba yenyewe inakuletea poti zote, CPU, mpaka nguvu ya mawimbi ya antena. Grafana inapendeza zaidi kwa macho, siikatai, ila yenyewe haikusanyi data, lazima nyuma yake kuwe na kitu cha kukusanya kama Prometheus, na kwa fundi aliye peke yake hiyo inakuwa kazi mbili.

Kompyuta ya kawaida ya mezani yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa vifaa vichache, ila weka SSD, sababu kila dakika 5 mfumo unaandika mafaili madogo madogo mengi ya RRD (yanayohifadhi namba za grafu) na memori kadi ya Raspberry Pi haidumu na kazi hiyo. Na UPS ni lazima, umeme ukikatika ghafla wakati database inaandika unaweza ukarudi ukute haiwaki.

Hatua za kuifunga kwenye Ubuntu wameziandika vizuri wenyewe LibreNMS, fuata mstari kwa mstari, sitarudia hapa. Nachosisitiza ni saa. Faili la php.ini (mipangilio ya PHP, ambayo LibreNMS inaitumia) liko zaidi ya moja, kuna la komandi na kuna la FPM (upande wa brauza), yote yaandikwe Africa/Dar_es_Salaam, na seva yenyewe pia iwe hivyo hivyo. Alafu ingia kama yuza librenms, sio root, uendeshe ./validate.php (inakagua kama umefunga sawa), na usiendelee mpaka iache kulalamika. Ukija kumuonyesha mtoa huduma grafu ambayo saa zake hazieleweki hakuna atakayekusikiliza.

Kwenye MikroTik SNMP inakuja imezimwa na komyuniti yake (jina linalotumika kama nenosiri) inaitwa public. Iwashe, badilisha hilo jina, ruhusu IP ya seva yako tu, na hakikisha UDP 161 (poti ya SNMP) haionekani kutoka nje. Tumia toleo la SNMP v2c, sio v1, na sababu ni hii: v1 inahesabu data iliyopita kwa biti 32, yani ikifika kama GB 4.3 inaanza tena sifuri, na linki ya Mbps 100 ikijaa inafika hapo kwa dakika kama 5 na sekunde 43, ya Gbps 1 ni sekunde 34 tu, kwaiyo grafu inakudanganya mchana kweupe. V2c ina kaunta za biti 64. Kama njia inapita kwenye mtandao wa watu wengine nenda v3, maana v2c inatuma hilo jina la komyuniti wazi wazi.

Sasa lile swali la tatizo liko wapi. Ongeza vitu vitatu kwa ping (kutuma paketi ndogo uone kama kifaa kinajibu): rauta yako, geti la mtoa huduma (fanya traceroute, komandi inayoonyesha vituo vya njiani, utaliona linalofuata baada yako), na 1.1.1.1 (seva ya Cloudflare huko intaneti). Hivi viwili vya nje ukiviongeza zima SNMP, acha ping peke yake. Rauta ikiwa safi na hao wawili wa nje wanapoteza paketi, basi ni linki ya kwenda kwa mtoa huduma. Wawili wa kwanza wakiwa safi ila wa tatu anayumba, tatizo liko mbele zaidi. Ila geti peke yake likipoteza wakati 1.1.1.1 iko poa, usimpigie mtu simu, rauta nyingi kubwa zinaipuuza ping zikiwa na kazi. Tangu nianze kutuma picha ya hizo grafu tatu na saa yake, maongezi na huduma kwa wateja yamekuwa mafupi sana, siambiwi tena "zima uwashe".

Kumbuka pia hizo grafu za trafiki ni wastani wa dakika 5. Linki ya Mbps 20 ikijaa dakika moja alafu ikatulia, utaona Mbps 4, utasema mbona kuna nafasi, kumbe watu waliganda kweli.

Kinachonifanya niipende zaidi ni grafu ya mwaka. Nina linki ya antena inayoelekea Ujiji, na kule miembe ni mingi na mikubwa. Mawimbi yalikuwa -58 dBm, yakawa yanashuka taratibu mpaka -70, na kwa siku moja moja huwezi kuona chochote. Kila dB 3 ni nusu ya nguvu, kwaiyo hapo zilibaki kama moja ya kumi na sita. Ukitazama ule mstari unavyoteremka polepole unajua hii sio antena mbovu, ni majani yanajaa njiani. Mzee mwenye kiwanja hakutaka mwembe wake ukatwe na nilimuelewa kabisa, tukapandisha mlingoti.

Taarifa za kifaa kuzima nazipokea Telegram. Weka utegemezi, yani swichi za nyuma ziwe chini ya rauta, la sivyo rauta ikizima simu inajaa meseji za kila kifaa. Na ujue intaneti ikifa yote Telegram nayo haiendi, kwaiyo chomeka modemu yenye laini ya mtandao mwingine kwenye rauta, iwe njia ya akiba ya hiyo seva tu.