"Moot": neno moja, maana mbili zinazogombana

Kamusi moja inaniambia "moot" ni jambo linaloweza kujadiliwa. Nyingine inasema ni jambo lisilo na umuhimu. Ipi imekosea?

Hakuna iliyokosea. Aliyekosea ni wewe, uliyefungua kamusi mbili bila kutazama zinaeleza Kiingereza cha wapi. Kwa Waingereza, "moot point" ni hoja ambayo ubishi wake haujaisha. Kwa Wamarekani ni hoja isiyostahili hata kubishaniwa, kwa kuwa jibu lake, liwe lipi, halibadili kitu. Mmoja anasema "tulikalie kitako hili", mwenzake anasikia "tuachane nalo". Nimeona watu wazima wakinuniana kikaoni kwa sababu hiyo tu.

Ni "moot point" au "mute point"?

"Mute" ni bubu. Swali hili naletewa kila mara, na jibu halijabadilika.

Nadhani asili yake ni Kilatini. Niko sahihi?

Hauko. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kila neno zito la Kiingereza lazima liwe la Kilatini. Hili ni la nyumbani kabisa: katika Kiingereza cha Kale "gemot" lilikuwa mkutano, hasa baraza la kusikiliza mashauri. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, wafalme wa huko walishauriwa na baraza la wakuu lililoitwa "witenagemot", yaani mkutano wa wenye hekima. Kitenzi "meet", kukutana, ni ndugu wa damu wa neno hilo. Na kwa kuwa barazani hupelekwa yale yenye mvutano, utaona kwamba maana ya Waingereza ndiyo kongwe.

Sasa hadhi yake ilishukaje?

Walaumu wanasheria. Wanafunzi wa sheria wa London, katika vile vyama vya mawakili viitwavyo Inns of Court, walizoezwa kwa kesi za kubuni walizozibishania mbele ya wakubwa wao. Zoezi hilo ndilo liliitwa "moot", na vyuo vya sheria vinalo hadi leo. Katika kesi ya namna hiyo hafungwi mtu wala halipwi mtu. Kutoka hapo hadi kusema "suala hili ni la mazoezi tu, halina matokeo" ni hatua moja, na mahakama za Marekani ziliipiga katika karne ya 19.

Kwa hiyo "moot" na "irrelevant" ni kitu kimoja?

La, na wanaochanganya hapa ndio wanaonichosha zaidi. Kilicho "irrelevant" hakikuhusika tangu mwanzo. Kilicho "moot", kwa Kimarekani, kilihusika sana, kisha mambo yakakipita. Marco DeFunis alinyimwa nafasi ya kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Washington, akashtaki, na akaingizwa darasani kwa amri ya mahakama wakati shauri likiendelea. Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa uamuzi mwaka 1974, alikuwa anakaribia kuhitimu. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema kesi ni "moot". Malalamiko yake hayakuwa ya kipuuzi hata kidogo. Ila hakubaki na kitu cha kupewa.

"Irrelevant", kwa faida ya wapenzi wa Kilatini, ndilo lenye asili wanayoitafuta: "relevare", kuinua. Mawakili wa Uskoti waliita "relevant" hoja inayoisaidia kesi kusimama.

Naweza kulitumia kwenye mkataba?

Usithubutu. Kama unataka kusema jambo limepitwa na wakati, andika hivyo. Kama bado lina ubishi, andika hivyo. Na ukilikuta kwenye mkataba ulioandikwa na mwingine, muulize alikusudia lipi kabla hujatia saini.