Helsinki uingie kwa barazani

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: ukipewa siku mbili za mapumziko na fedha za kubana, ungetembelea mji mkuu upi, na ungefikaje huko? Jibu langu ni Helsinki, kwa meli ya usiku kutoka Stockholm. Na meli ndiyo nusu ya jibu. Mkiniondolea meli nikabaki na Helsinki peke yake, huenda ningechagua mji mwingine.

Naishi Sweden, kwetu ni Tanga. Ndege ya kutoka hapa hadi Helsinki hukaa angani kama saa moja tu, ila inakushusha Vantaa, nje ya mji, kwenye maghala na misonobari, kisha treni inakumwaga kituo kikuu. Helsinki yenyewe imejengwa ikitazama bahari. Ngome, soko, ikulu, makanisa makubwa mawili, vyote vimepangwa ili avione mtu anayeingia kwa chombo. Anayefika kwa ndege ameingizwa uani, wa meli anapokewa barazani.

Mpango wake ni mwepesi. Meli inaondoka Stockholm jioni na kufika Helsinki asubuhi. Mnashinda mjini, jioni mnapanda tena, asubuhi ya pili mko Stockholm. Usiku zote mbili mnalala melini, kwa hiyo hoteli hailipwi, na mwisho wa hesabu tiketi mara nyingi huwa nafuu kuliko chumba cha kawaida cha mjini. Chumba cha bei ya chini hakina dirisha, na kwenye baadhi ya meli kiko chini hata ya sitaha ya magari. Chukueni hicho hicho. Sitaha ya juu haina malipo, na mandhari yote iko huko.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea mwezi wa Julai nilimpeleka. Yeye ni mzaliwa wa Wete, akaolewa Tanga, na vyombo vya baharini anavijua tangu utotoni. Tulipopanda tu, hakuuliza chumba wala chakula. Alitaka aonyeshwe maboya yako wapi. Mtu wa Pemba halaumiwi kwa hilo. Spice Islander ilizama karibu na Nungwi Septemba 2011 ikielekea kwao. Nikamwonyesha mchoro uliobandikwa nyuma ya mlango wa chumba, wenye mshale wa kwenda mahali pa kukusanyika, tukaufuata kwa miguu mpaka tukafika. Sikumficha kwamba bahari hii nayo ina msiba wake. Usiku wa Septemba 28, 1994, meli ya Estonia ilikuwa ikitoka Tallinn kuja Stockholm, dhoruba ikang'oa mlango wa mbele wa sitaha ya magari, maji yakaingia, watu 852 wakafa. Baada ya hapo sheria za milango hiyo zilikazwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza bufe inafunguliwa saa ngapi.

Saa za kwanza za safari msizimalizie kwenye bufe lakini. Meli inapita katikati ya visiwa vya Stockholm, ambavyo ukihesabu na miamba midogo vinasemwa kufika kama 30,000. Nyumba za mbao nyekundu zenye kona nyeupe, vigati vya mbao, watu wanakunywa kahawa na kuwapungia mkono abiria wasiowajua. Shangazi aliyaangalia majabali muda mrefu, akaniuliza: "Mbona mawe hayana alama ya maji?" Swali la mtu wa pwani. Bahari ya Baltiki karibu haina kupwa na kujaa. Sisi tuliozoea kuona mitumbwi imelala matopeni asubuhi na saa sita baadaye inaelea, huku hakuna bamvua, na gati za mawe zimejengwa chini, karibu kabisa na uso wa maji. Hata chumvi yake ni kidogo. Shida aliyoipata ni ya kibla. Alikuwa na kielekezi chake cha simu, na meli ikikata kona kati ya visiwa mshale nao unahama. Magharib ya Julai huku inachelewa sana, kwa hiyo alingoja mpaka tukatoka kwenye visiwa, meli ikanyoosha, akasali.

Kuna jambo la usiku ambalo abiria wengi hawalitilii maanani. Meli inasimama kidogo visiwa vya Åland, watu wachache wanashuka, wachache wanapanda, inaondoka. Ukidhani ni kwa ajili ya hao wachache utakuwa hujayaona maduka ya melini. Tangu Julai 1, 1999, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza bidhaa bila kodi kwa wanaosafiri kati ya nchi wanachama. Lakini Åland, ambayo ni sehemu ya Finland na watu wake wanasema Kiswidi, ilipoingia Umoja pamoja na Finland mwaka 1995 iliachwa nje ya eneo la kodi la Umoja huo. Meli ikigusa hapo, hata kwa dakika chache, mizigo ya dukani inaruhusiwa kuuzwa bila kodi. Pombe na chokoleti zinazotoka humo zinalipia sehemu nzuri ya tiketi yako. Ndiyo sababu wapo wanaopanda, wananywa, na kurudi bila kuikanyaga Helsinki. Kama hampendi makelele ya ukumbini, msisafiri Ijumaa. Nendeni katikati ya wiki, mtakutana na wastaafu na akina mama wenye watoto.

Asubuhi tulipotoka chumbani shangazi alikuwa amefurahi kupita kiasi, kumbe ni kwa sababu ya saa yake ya mkononi. Hakuigusa tangu Tanga. Stockholm ilikuwa ikimkosesha kwa saa moja, lakini wakati wa kiangazi saa za Finland ni sawasawa na zetu za Afrika Mashariki. Akaniambia, "Mwanangu, hawa ndio watu wenye saa ya kweli."

Sasa, wakati wa kuingia. Muwe juu ya sitaha si chini ya dakika arobaini na tano kabla ya kufika, upande wa kushoto. Meli inaelekea kwenye mlango mwembamba uitwao Kustaanmiekka, na kwa macho utaapa kwamba haipiti. Upande wa kushoto ndipo ilipo ngome ya Suomenlinna. Unaziona kuta za mawe, matuta ya majani, mizinga ya zamani, na watu wamekaa kwenye mwamba na kikapu chao cha chakula, karibu kiasi cha kuona mtoto anakula nini. Chombo cha ghorofa zaidi ya kumi kinapita hapo taratibu, kimya. Hata mabaharia wasio na kazi wakati huo hutoka nje kuangalia.

Ngome hiyo walianza kuijenga Waswidi mwaka 1748, Finland ilipokuwa sehemu ya ufalme wao, kwa hofu ya Urusi. Warusi walipokuja mwaka 1808, msimamizi wake aliisalimisha bila mapigano makubwa, na mwaka uliofuata Finland yote ikawa ya Tsar, mfalme wa Urusi. Yeye Aleksanda wa Kwanza akaona Turku, mji mkuu wa zamani, uko karibu mno na Sweden, na mwaka 1812 akaihamishia heshima hiyo Helsinki. Mji mdogo uliokuwa umeungua ukapewa msanifu kutoka Berlin, Carl Ludvig Engel, auchore upya. Ndiyo maana ukishapita ngome unakutana na vitu viwili juu ya paa za mji: kushoto kanisa kuu jeupe la Kilutheri, lililomalizika 1852 Engel akiwa ameshafariki, na kulia kanisa la Kiorthodoksi la Uspenski, la matofali mekundu na vichwa vya dhahabu, lililofunguliwa 1868. Matofali ya hilo la pili yalisafirishwa kwa mashua kutoka ngome ya Warusi ya Bomarsund iliyobomolewa vitani, na Bomarsund iko Åland, pale pale meli iliposimama usiku. Chini ya makanisa hayo kuna soko la samaki na Ikulu ya Rais, ubavu kwa ubavu, ukingoni mwa maji. Hakuna kitabu cha historia kinachonipangia mambo kwa mfuatano mzuri hivyo.

(Hapa niseme kidogo kuhusu kwetu. Tulikuwa na mji mkuu wenye bandari, tukaamua mwaka 1973 kuupeleka Dodoma. Sababu zake nazielewa. Lakini hakuna nahodha atakayewahi kumfikisha mgeni Dodoma. Nairobi hali kadhalika, na Burundi nao mji mkuu wa kisiasa sasa ni Gitega, si Bujumbura ya ziwani. Raha ya kuingia makao ya serikali kwa chombo anabaki nayo anayekwenda Unguja.)

Meli inafunga gati ndani ya mji. Mnateremka na kutembea kwa miguu, basi la kitalii halihitajiki kabisa. Sisi tulianzia sokoni, Kauppatori, tukanunua sahani ya muikku, samaki wadogo wa maziwani wanaopakwa unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, na kukaangwa wazima, na wanaliwa na vichwa. Shangazi alisema ni dagaa waliolelewa vizuri, akaomba pilipili, hawana, akatoa ya kwake mkobani. Shikeni sahani zenu lakini. Shakwe wa soko lile hawana adabu. Mbele yetu mmoja alishuka akachukua samaki kwenye uma wa mzee mmoja, mzee akabaki na uma hewani.

Kutoka hapo hapo sokoni kuna kivuko kinachorudi Suomenlinna, na tiketi yake ni ile ile ya basi na tramu za mji. Ni kama robo saa. Mkitumia muda mwingi mahali pamoja, pawe hapa. Si jumba la makumbusho tu, watu wapatao 800 wanaishi humo, wameanika nguo na kuegesha baiskeli kwenye kuta zilizopigwa mizinga na Waingereza na Wafaransa Agosti 1855. Kanisa lake lina taa ya kuongozea meli juu ya kuba, na taa hiyo huwaka mara nne mfupi mfupi, ambayo kwa mabaharia ni herufi ya kwanza ya Helsinki. UNESCO iliiingiza ngome kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991.

Mchana tulirudi tukapanda ngazi za Uwanja wa Seneti. Sanamu ya Tsar Aleksanda wa Pili ingali katikati. Wafini walipopata uhuru mwaka 1917 hawakuiondoa. Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Helsinki linatazama uwanja huo huo, na chuo hicho kimefundisha Kiswahili miaka mingi, tena kina hazina kubwa ya matini za Kiswahili kwenye kompyuta ambayo wanaisimu wa kwetu wanaijua. Na Martti Ahtisaari, aliyekuja kuwa Rais wa Finland na kupata Nobeli ya Amani 2008, alikuwa balozi Dar es Salaam miaka ya sabini. Shangazi alipolisikia hilo akauliza kama alijua Kiswahili. Sikuwa na jibu.

Kanisa la Temppeliaukio, lililochongwa ndani ya mwamba na kufunguliwa 1969, ni zuri, ila lina kiingilio na litakula muda wenu. Mimi ningewapeleka Oodi, maktaba ya mji iliyofunguliwa Desemba 2018 mkabala na Bunge. Ni bure. Ghorofa ya pili ina vyerehani ambavyo mwananchi yeyote anaweza kushona. Shangazi ni fundi cherehani wa miaka nenda rudi. Alisimama nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akikunja pindo la suruali ya jinzi, akavumilia, akashindwa. Akamgusa bega, akaonyesha upande wa chini wa mshono: uzi ulikuwa unafanya vitanzi. Bila lugha ya pamoja, akakaza skurubu ya juu nusu mzunguko, akamwashiria ajaribu tena. Mshono ukakaa. Tulikaa hapo hadi nikaanza kuangalia saa, maana meli haingoji.

Kwa watakaokwenda: Sweden na Finland zote zimo Schengen, eneo la viza moja la Ulaya, kwa hiyo mgeni mwenye viza hiyo haombi nyingine, ila pasipoti abebe. Kroni na yuro zote zinapokelewa melini. Na jioni mkitoka, ngome itakuwa upande wa kulia.

Mimi mwenyewe sasa nataka niirudie Februari, mwaka wa baridi kali, niione meli ikipasua barafu kuingia bandarini. Nimempigia shangazi kumweleza. Amenijibu niende na mume wangu.