Je, kodi ya kiwango kimoja ni haki?

SWALI: Mhariri, kodi ya ongezeko la thamani hutozwa kwa kiwango kilekile kwa tajiri na maskini. Je, hiyo si haki?

JIBU: Ndugu msomaji, usawa wa kiwango si usawa wa mzigo. Chukua kodi ya asilimia 10: anayepata 1,100 na kuzitumia zote madukani hulipa kodi 100 (bidhaa za 1,000 na asilimia 10 juu yake), yaani sehemu moja kati ya 11 ya pato lake, ilhali anayepata 11,000, akatumia nusu na kuwekeza nusu, hulipa 500, ambayo ni sehemu moja tu kati ya 22. Mwenye kipato kidogo hana cha kubakiza, na hapo ndipo anapoumia.

Nchi nyingi husamehe dawa na vyakula vya msingi, na hilo ni jema, ingawa msamaha huo humfikia tajiri pia. Kwa maoni yangu, dawa iliyo bora zaidi ni kodi ya mapato yenye viwango vinavyopanda kadiri kipato kinavyoongezeka, mradi fedha zake zigharimie shule na zahanati za umma ambazo mlipaji mdogo anazitegemea kweli.