Kwa mnaotaka kuhamia shamba: nilipochelewa mimi, msichelewe nyie

Naandika hii kwa ajili ya wale mnaoniuliza kila wiki, "kaka nimechoka na mji, nataka nije huko nilime, nianzie wapi". Mimi na mke wangu tulihama Dar tukaja Muheza, Tanga, barabara hii ya kwenda Amani ila bado chini, mlima hatujaupanda. Ekari nne kasoro, nyumba ya bati vyumba vitatu, na huu ni mwaka wa tano. Mimi sio mtaalam jamani, nilikuwa mtu wa stoo, kazi yangu ilikuwa kuhesabu maboksi, kwa hiyo humu ntasema yale tu yaliyonitoa pesa mfukoni.

Na karibu yote yana jina moja, kuchelewa. Mjini ukichelewa unaita boda, umesahau mkate duka la Mpemba liko wazi mpaka saa sita usiku, yaani muda unanunulika. Huku wiki ikikupita imekupita mpaka mwakani, na hakuna wa kumpigia simu.

Nimesema ekari nne kasoro, hiyo kasoro ina stori. Huku shamba linapimwa kwa hatua, sabini kwa sabini ndo ekari, sasa inategemea ni hatua za nani. Ekari ya kweli ni mita za mraba 4047, kama mita 63 na nusu kila upande, kwa hiyo hatua ya mtu iwe kama sentimita 90, hatua ndefu hasa. Aliyenipimia mimi alikuwa kijana mfupi na alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka kuliko yeye kwa sababu notisi ya kazi ilikuwa inaisha. Nunua futi kamba ya mita 50, mrudie mpime upya kabla hujatoa hela. Alafu ardhi ya kijiji haiuzwi chini ya mwembe watu wawili na dalali, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na halmashauri ya kijiji lazima ikae iandike muhtasari, majirani wa mipaka wote wawepo wasaini. Mpaka wangu upande wa mashariki ulikuwa mstari wa minyaa, jirani hakuwepo siku ya kusaini, tumekuja kuelewana miezi nane baadae. Na ulione shamba mara mbili, kiangazi na masika. Mimi nililiona Januari, zuri, kavu, njia nyeupe. Aprili njia ileile boda anakuomba mara mbili ya nauli na bado anakushusha nusu njia unatembea na mzigo kichwani.

Mahindi sasa. Masika ya kwanza nilijua mvua inaanza katikati ya Machi, kila mtu anajua hilo, nikasema basi ikianza naanza kulima. Hapo ndo nilipokosea, kwa sababu mvua ikianza kila mtu yuko shambani kwake, na kibarua unaemtegemea akulimie ngwe na yeye ana shamba lake na watoto wake. Nilizunguka siku tisa natafuta watu. Jirani yangu, mzee mmoja wa Kibondei, alikuwa anapita na jembe begani namwamkia shikamoo mzee, ananijibu marahaba mwanangu, alafu anaangalia shamba langu lenye majani anatikisa kichwa anaenda zake. Yeye alikuwa amefyeka na kulima tangu Februari, jua kali, udongo mgumu, na mbegu aliweka kavukavu kabla ya tone la kwanza. Mimi nilipanda tarehe 11 Aprili. Nikavuna gunia nne kwenye ekari, yeye tisa, mbegu ileile ya Staha na mpaka ni mmoja.

Nilikuja kuelewa baadae kwa nini. Udongo uliokaa na jua miezi ile ya kiangazi, mvua ya kwanza ikiupiga, chakula cha mimea kinaachiwa kwa wingi kwa wakati mmoja, mhindi uliokwisha ota unakikuta mezani, wangu ulikuja mvua kubwa imeshakizamisha chini. Juu ya hapo viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini 2017, wanazidi kadiri msimu unavyoenda, kwa hiyo mahindi machanga yaliyochelewa yanakuwa ndo bufee yao. Wanaingia kwenye moyo wa mhindi, ukiona majani yana matundu na vumbi kama la msumeno ujue yuko ndani. Pita asubuhi mapema siku mbili mara moja wakati mahindi yako magotini kushuka chini, wabinye kwa mkono, ukisubiri uwaone kwa mbali tayari wamekua na dawa haiwafikii.

Palizi ndo hivohivo. Ya kwanza isipite wiki ya tatu tangu mahindi yaote. Mwaka ule niliifanya ya tano, nikijiona nabana matumizi niunganishe palizi mbili ziwe moja. Usifanye hivo. Siku hizi vibarua naongea nao Januari, nawapa kidogo ya kuwashika, na siku ya kazi kuna chai na bada, ugali wa muhogo, yenye samaki, sio mtu anafika saa kumi na mbili unamwonyesha jembe. Na mimi naingia mstarini na jembe langu, hata kama nalima nusu ya wanacholima wao na wananicheka.

Maji. Nilinunua tenki la lita 5000 mwezi wa pili, likakaa uani tupu watoto wanalipiga kama ngoma, kwa sababu hela ya gata, ile mifereji ya kukinga maji ya bati, nilisema tutaona. Gata zikafungwa Mei mwishoni, mvua inaaga. Piga hesabu hii ikuume kama ilivyoniuma mimi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati langu ni kama mita 56, mvua moja ya usiku ya milimita 30 ni lita 1680, toa inayomwagika na kuruka bado zaidi ya lita elfu na mia tatu, kwa usiku mmoja, na mimi nilikuwa kitandani naisikiliza. Sisi tuko watano, tukijibana ni ndoo moja ya lita 20 kwa kichwa kwa siku, tenki likijaa ni siku 50. Badala yake mke wangu alikuwa anaenda kisimani kwenye bonde na akina mama, foleni saa moja na nusu, alafu nilikuwa najiuliza kwa nini ananijibu kwa mkato. Gata kwanza, tenki baadae, hata kama mwanzo maji yanaingia kwenye pipa. Na mvua ya kwanza iache ipite nje, inaosha bati, kuna vumbi, kinyesi cha ndege na mijusi iliyokauka.

Kuku ndo kila mtu anapoanzia, najua, kwa sababu hesabu zake ni tamu. Kuku kumi, kila mmoja mayai kumi na mbili, vifaranga mia, kalkuleta ya simu inakupa utajiri kabla hujashuka kwenye basi. Nilianza na kuku 34 wa kienyeji. Oktoba, wiki mbili kabla ya vuli, wakaanza kuzubaa, kuharisha kijani, shingo zinapinda, na ndani ya siku tano nikabaki na sita. Kideri. Mzee jirani akasema kinakuja kila mwaka majira hayo. Kila mwaka! Na mimi wiki moja kabla yake nilikuwa nimenunua bati za kuongeza banda.

Chanjo yake ni rahisi mno kiasi kwamba inauma zaidi. Tone moja kwenye jicho la kila kuku asiyeumwa, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na ile aina ya I-2 inavumilia joto zaidi kidogo kuliko zile za zamani, ila ukitoka nayo mjini iweke kivulini imefungwa kitambaa kibichi, sio juu ya dashibodi. Ukisubiri kuku aumwe umechelewa, chanjo sio dawa. Kinachowashinda watu ni kwamba kichupa kimoja ni dozi mia na zaidi, na ukishakichanganya hukiweki mpaka wiki ijayo, mwenye kuku kumi na tano anaona anatupa hela. Mimi nafanya hivi: nanunua kichupa, siku moja kabla napita nyumba kama nane hivi nawaambia kuku wasifunguliwe asubuhi, alafu naingia kila banda na tochi ya kichwani na mtoto mmoja wa kushika kuku. Wengine wananipa mia mbili tatu, mwingine ananipa mihogo, mwingine hana kitu namchanjia tu. Sio wema huo, kuku wao na wangu wanachakura jalala moja, wa kwake akileta kideri hauulizi mpaka uko wapi. Ila faida nyingine sikuitegemea, hizo nyumba nane ndo zilizoanza kuniita jina langu badala ya "yule wa Dar".

Kwenye kuvuna nako kuna haraka ya aina nyingine, ya kuweka ghalani kabla hayajakauka kwa sababu umeona wingu. Mwaka wa pili nilipata mahindi mazuri nikayafunga na unyevu wake, yakaota ukungu wa kijani, na huo ukungu ndo unaoleta sumukuvu, hayo hata kuku usiwape. Kipimo cha bure hiki hapa: chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo chupa, chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa sana, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani. Yakishakauka yatie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, toa hewa yote ufunge kila tabaka peke yake, wadudu wanakosa pumzi humo humo. Bila hivyo dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, anakuja. Wazee wengine wanamwita Scania, huyu mdudu aliingilia Tabora mwishoni mwa miaka ya 70 na wakati ule walimpa jina la lori, ukiona unga aliouacha chini ya gunia utalielewa.

Machungwa ntasema kidogo ingawa Muheza ndo kwao. Shamba lilikuja na miti 38 ya zamani. Maua yanatoka na vuli, machungwa yanaiva kuanzia Juni, na mnunuzi anakuja wakati gani? Desemba, maua yameshaangusha vijitunda kama gololi, na wewe una ada ya Januari. Anakupa hela mkononi kwa miti yote, unaona umekombolewa. Julai lori linapakia tenga zako kwenda Horohoro kuvuka upande wa Kenya na wewe umesimama unaangalia kama mpita njia. Nilifanya hivo mwaka mmoja tu. Ada sasa inatoka kwenye mahindi niliyoyahifadhi mpaka Desemba bei ikipanda, ndo mana nimewasumbua na habari za chupa na chumvi. Na kama unapanda mapya, chukua miche ya kubebesha, mita 7 kwa 7, uingize masika ya kwanza kabisa hata kama nyumba haijaisha, kwa sababu utasubiri miaka mitatu minne na hiyo saa haianzi kuhesabu mpaka mche uko ardhini.

Muhogo msikate vijiti kwa yeyote tu kisa ni bure, omba uonyeshwe mizizi yake ikiwa imepasuliwa, ukiona mistari ya kahawia iliyooza ndani acha. Ugonjwa huo wa michirizi ya kahawia una historia hapahapa, ni watafiti wa kituo cha utafiti cha Amani walioueleza 1936, na bado tunapeana vijiti vyake kwa upendo kabisa.

Udongo wako upeleke Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, wakaupime, sio mbali. Sola ya taa na simu inatosha mwanzo, friji isubiri. Intaneti ipo ukipanda kwenye kichuguu karibu na mnazi. Nyoka wapo, vaa gambuti.

La mwisho ni misiba. Nilichelewa huko pia na hakuna aliyeniambia kitu. Mwezi wetu wa pili alifariki mama wa nyumba ya nne kutoka kwetu, mimi nilikuwa na fundi wa banda nikasema ntaenda jioni kutoa mchango. Huku mwanaume anatakiwa asubuhi, na jembe, kaburi linachimbwa na majirani. Nilifika saa kumi na bahasha, watu wanarudi makaburini na udongo miguuni, wakanipokea vizuri tu, wakanipa chai. Aprili ile natafuta vibarua siku tisa, watatu kati ya niliowafuata walikuwa kwenye lile kaburi, wote wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba wana kazi nyingi.